Ukipokea Mtu wa Kifungo cha Nje Shuleni Kwako

Walimu wakuu wenzangu huniuliza kama ni salama kupokea watu wa kifungo cha nje, yaani waliohukumiwa kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kukaa gerezani. Nimewasimamia kwa miaka kadhaa katika shule ya msingi ya umma huku Kitui, nami huwauliza: umewaandalia kazi?

Tangu sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, mahakama za Kenya hutuma kwenye kazi hiyo watu ambao kifungo chao hakizidi miaka 3, baada ya afisa wa probeshoni, anayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, kuchunguza kesi na maisha yao. Wengine huja wakitoka gerezani, Mahakama Kuu ikiwa imepitia upya hukumu zao ili wamalizie muda uliobaki nje. Anayefika langoni na barua mara nyingi ni jirani yako: alikamatwa na chang'aa, pombe kali ya kienyeji, au alipigana sokoni.

Kaa naye kwanza. Muulize anajua kazi gani, maana sheria inaruhusu ufundi wa mtu utumike, si kufyeka nyasi tu. Nilipokea seremala, nikamkabidhi madawati yaliyovunjika ya darasa la nne. Akayamaliza, akaingia stoo kutafuta mengine. Muulize pia kama ana mtoto hapo shuleni. Akiwa naye, mpigie afisa wa probeshoni umwombe ampangie zahanati au barabara. Hakuna mtoto anayestahili kumwona babake akisugua choo huku wenzake wakimnyooshea kidole.

Mwite kwa jina lake, na walimu wako wafanye vivyo hivyo.

Daftari la mahudhurio lijaze kila jioni, naye aweke sahihi mbele yako. Asipofika bila sababu, mjulishe afisa siku hiyo hiyo. Ukiandika siku ambayo hakuja, umeidanganya mahakama; ukiacha kuandika siku aliyofanya kazi, umemwibia.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko yote: msimamizi kumtuma mtu huyu akapalilie shamba lake mwenyewe. Kazi hii isiyo na malipo ni ya umma. Usiseme alikubali. Atakataaje, na daftari linaloweza kumrudisha kwa hakimu liko mikononi mwako? Kazi ya shule ikikuishia, mwambie afisa ukweli ampeleke kwingine. Kitui haikosi miche ya kumwagiliwa wala mitaro ya kuzibuliwa.