Bolti za injini ya dizeli: usiiamini spana ya torki peke yake

Mdogo wangu unayeanza kazi hii hapa Goma, hutakaa muda mrefu kabla hujapewa injini ya 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser yenye silinda sita na lita 4.2. Kama si hiyo, itakuwa jenereta ya duka la Birere au injini ya boti ya ziwani. Utaambiwa namba ya torki, yaani nguvu ya kuzungushia bolti, utaiweka kwenye spana ya torki, utakaza, spana italia "ta!" ikifika hapo, nawe utafuta mikono. Ngoja kwanza.

Spana haipimi bolti inabana kiasi gani. Inapima ugumu wa kuizungusha, basi. Katika nguvu unayoitia, karibu asilimia 90 huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye meno yake. Kinachobaki, kama asilimia 10, ndicho kinachoivuta bolti, na hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, haishikwi na kitu kingine ila huko kuvutika: bolti hurefuka kidogo sana, kisha hutaka kurudi kama mpira. Meno yakiwa na kutu, namba itafika kabla bolti haijavutika vya kutosha. Ukipaka mafuta mahali ambapo kitabu kinataka pakavu, namba ileile itaivuta kupita kiasi. Kwa hiyo soma kitabu kinasema nini juu ya mafuta kabla hujasoma namba.

Sisi tuna pia vumbi la lava, ambalo linasaga. Sugua meno kwa brashi ya waya, osha kwa dizeli, kausha, kisha puliza matundu ya bloku, ule mwili wa injini, kwa kompresa huku umevaa miwani. Halafu jaribu kila bolti kwa vidole: ishuke yenyewe mpaka chini. Ikikwama njiani, itoe utafute sababu, usiisukume kwa spana. Matundu yasiyotokea upande wa pili yaangalie mara mbili, maana maji au mafuta yakibaki mle hayashindiliki, na bolti ikishuka juu yake bloku inaweza kupasuka.

Hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Kama kitabu hakina awamu zake na kinataka Nm 100 (nyutoni-mita, kipimo cha torki), pita zote kwa 40, rudi kwa 70, ndipo umalize. Kufungua ni kinyume, kutoka nje kuja ndani. Vuta polepole, na ikilia mara moja acha. Wako mafundi wanaopenda mlio wa pili wa kujiridhisha. Huo ni nguvu ya ziada ambayo hakuna aliyeiomba.

Angalia pia kipimo. Namba 100 ya kitabu cha Kimarekani, kwa futi na pauni, ni kama Nm 136. Vitabu vya zamani vya Kijapani huandika kilo kwa mita, na kilo moja kwa mita ni Nm 9.8.

Injini nyingi za sasa humalizia kwa digrii: Nm kadhaa, kisha robo mzunguko, pengine robo nyingine. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, usikisie kwa jicho. Bolti za namna hii mara nyingi hazitumiwi tena zikifunguliwa. Mteja atalalamika bei, mweleze. Ukinunua nyingine sokoni, soma namba ya uimara kwenye kichwa cha bolti: palipokuwa na 10.9 usiweke 8.8, wala ile isiyo na alama yoyote.

Vifuniko vya beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, havibadilishani nafasi, na kila kimoja kina upande wake wa mbele. Kaza kimoja, zungusha kranki kwa mkono, kisha nenda kwa kinachofuata. Ikiwa nzito ghafla, fungua kile ulichokaza mwisho.

Ukimaliza, rudisha spana ya torki kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuiweka. Na usiitumie kufungulia nati za gurudumu, hata mwenye garaji akiwa na haraka.