Kwa nini mtangazaji hasikiki

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini katika Song Exploder, podikasti ambamo mwanamuziki hueleza jinsi alivyotengeneza wimbo wake mmoja, mgeni husikika kama anajisemea peke yake. Mahojiano yapo, ila Hrishikesh Hirway, ambaye naye ni mwanamuziki na ndiye aliyeianzisha nchini Marekani mwaka 2014, huyaondoa maswali yake wakati wa kuhariri, hivyo tunabakiwa na sauti ya mgeni pamoja na vipande vya wimbo wenyewe. Utamu uko kwenye vipande hivyo: msanii huleta rekodi ambazo kila ala imetengwa, ukasikia ngoma peke yake, kisha besi, kisha sauti ya mwimbaji isiyofunikwa na chochote, hata pumzi anayovuta kabla ya kuanza ubeti, na mwishoni wimbo mzima hupigwa. Kwa maoni yangu, mtindo huu humfaa zaidi mgeni anayejua kusimulia kazi yake. Ukitaka mtangazaji anayembana msanii kwa maswali (nami siku nyingine hupenda hivyo), hapa hutampata. Katika toleo la video lililotoka Netflix mwaka 2020, Hirway anaonekana akizungumza na wageni wake.