Mkabidhi Jambo Zima, Pamoja na Matokeo Yake

Mama mpendwa,

Umeniandikia kwamba mwanao wa miaka 19 bado huamshwa nawe asubuhi, hukuomba fedha kila anapokwama, na kwamba ulipomwachia shughuli ya kujisajili chuoni alichelewa, ukaenda ofisini kumwombea radhi. Majibu ya ombi hilo la usajili bado hayajatoka. Unauliza kama umemdekeza, au kama bado ni mtoto.

Mtoto si tena, ingawa utu uzima wake haujakamilika. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupanga mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi karibu na umri wa miaka 25, lakini stadi hizo hujengeka kwa kutumiwa, wala si kwa kungojewa. Kumsaidia si kosa. Ninaloliona mimi ni kwamba ulimkabidhi kazi huku matokeo ukiyashikilia mwenyewe, naye akajifunza kuwa jambo likiharibika hurudi kwako. Ninajua ilivyo vigumu kumtazama mwanao akielekea kujikwaa.

Ningeanza na fedha, kwa kuwa makosa yake hurekebishika. Kaeni pamoja mkiwa watulivu, mkadirie nauli, chakula na matumizi yake mengine, kisha umpe kiasi hicho siku inayojulikana. Cha wiki kwanza, na akizoea, cha mwezi. Kikimwishia mapema, msikilize, mwulize anafikiri atafanyaje, na usiongeze. Huenda akanuna, pengine akakuambia humpendi, na hapo ndipo utakapojaribiwa zaidi kuliko yeye. Kuhusu kuamka, mwambie mapema siku utakayoacha kumwamsha, kisha uache kweli.

Hata hivyo, panapohusika uhai, afya au mashtaka ya kisheria, ingilia bila kusita. Vilevile, iwapo kulala kwake kupita kiasi kunaambatana na huzuni, kujitenga na marafiki na kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, usiihesabu kuwa uvivu; mpeleke kwa daktari.

Ama lile ombi la usajili, mwambie kwamba kuanzia sasa atalifuatilia yeye. Akitaka, mpange naye usiku uliotangulia maswali ya kuuliza na hati za kubeba. Asubuhi aende peke yake, na jibu atakalopewa, hata likiwa la kungoja muhula mwingine, usilikatie rufaa kwa niaba yake.