Je, Hitler alikusudia kweli kuvuka bahari kuivamia Uingereza?

SWALI: Mwaka 1940 Ujerumani ilipanga kuivamia Uingereza kwa bahari, mpango ulioitwa Seelöwe, yaani simba bahari. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anashikilia kuwa ilikuwa danganya toto. Ni kweli?
– Msomaji, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Danganya toto haigharimu kiasi kile. Wajerumani walikusanya matishari ya mtoni, yaani mashua bapa za mizigo, yapatayo 2,400 kutoka kwao, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Hayo ndiyo yaliyobeba makaa ya mawe na madini ya chuma kwenye mto Rhine, hivyo kuyaondoa kulibana viwanda vyao wenyewe. Yalikatwa pua na kuwekewa mlango wa kuteremkia, sakafu ikamwagwa zege ili ihimili kifaru.

Hata hivyo mwalimu hajakosea kabisa. Katika Agizo Namba 16 la Julai 16, 1940, Hitler alisema ameamua kuandaa uvamizi na, ikibidi, kuutekeleza. Hiyo “ikibidi” ina uzito wote. Alitarajia Waingereza waombe suluhu, na Julai 31 tayari alikuwa akizungumza na majenerali wake juu ya kuishambulia Urusi.

Ugumu ulianzia kwenye chombo chenyewe. Tishari la mtoni ni bapa chini, na theluthi moja tu ndiyo iliyokuwa na injini, kwa hiyo tagi moja ilipangiwa kuvuta matishari mawili. Msafara ungekwenda usiku kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkondo ukiusukuma ubavuni. Waliowahi kukutwa na upepo katikati ya bwawa la Mtera wanaelewa, na bwawa halina mkondo kama ule. Isitoshe, ilibidi wafike alfajiri maji yakianza kupwa, ili matishari yakae mchangani, na usiku huo uwe na mbalamwezi kiasi. Siku za namna hiyo ni chache kila mwezi, na amri ilitakiwa kutolewa siku 10 kabla. Hali ya hewa ikigeuka katikati, basi.

Ulinzi nao ulikuwa haba. Mwezi Aprili, huko Narvik nchini Norwe, Wajerumani walikuwa wamepoteza manowari 10 za kasi. Jeshi la nchi kavu lilitaka kutua kwenye ufuo mpana. Wanamaji wakasema hawawezi kuulinda, na divisheni 13 za awamu ya kwanza zikapunguzwa hadi 9. Jeshi la nchi kavu likahofia kuwa wachache wangezidiwa ufuoni, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Novemba 1914 Waingereza walitua Tanga wakiwa kama 8,000, wakashindwa na askari wa Wajerumani wapatao 1,000, wengi wao wakiwa wameletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi. Mwenye reli huongeza watu upesi kuliko anayetegemea boti.

Lililobaki lilikuwa ndege, nazo zilishindwa kulivunja jeshi la anga la Uingereza. Septemba 17 mpango uliahirishwa bila tarehe, na Oktoba 12 ukasogezwa hadi majira ya kuchipua ya 1941. Baadhi ya vifaru vilivyozibwa ili vipite chini ya maji kwenye ufuo wa Uingereza vilikuja kuvuka mto Bug Juni 1941, vikielekea Urusi.