Nepi za Kufua: Kwa Nini Zinavuja Mgongoni, na Maswali Mengine ya Wasomaji

Shikamooni. Mwanangu ana miezi minne. Nilinunua nepi za kitambaa zile za mfuko, zenye vishikizo vya kubonyeza mbele na pedi ya kuchomeka ndani. Akilala kitandani hazivuji. Nikimbeba mgongoni kwenda sokoni Kilombero, nafika gauni na kanga vimelowa. Je, nimeuziwa feki? – Mama wa Sakina, Arusha

Marahaba, mama. Huenda nepi zako ni nzima kabisa. Tatizo liko kwenye pedi. Nyingi zinazouzwa na nepi za mfuko ni za maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za plastiki, ambacho hunyonya mkojo upesi lakini hakiushikilii: ukikibana, kinautoa. Mbeleko kazi yake ni kubana, na makalio ya mtoto yanakandamiza pedi njia nzima. Hata uongeze maikrofaiba ya pili, utalowa tu.

Weka pamba chini yake. Chukua taulo la pamba lililochakaa, kata kipande cha sentimita 36 kila upande, kunja pindo na ushone kingo zake tu. Ukikikunja sehemu tatu, unapata pedi ya upana wa sentimita 12 hivi. Usishone tabaka zote pamoja, maana katikati hapatakauka. Chomeka zote mbili mfukoni: maikrofaiba upande wa mtoto ipokee haraka, pamba upande wa nje ihifadhi. Maikrofaiba isiguse ngozi yenyewe kwa sababu inaikausha. Lazima kile kitambaa laini cha mfuko kiwe katikati.

Halafu kagua uvaaji. Lastiki ya mguuni ikae kwenye mkunjo wa paja, pale mstari wa chupi unapopita, isishuke chini pajani. Tumboni vidole viwili vipite bila shida. Pitisha kidole kuzunguka kila paja: ukikuta kitambaa cha ndani kimechungulia nje hata kidogo, kirudishe, kwa kuwa hicho ndicho kinachovuta mkojo hadi kwenye gauni. Fulana iliyochomekwa ndani ya nepi hufanya vivyo hivyo. Kama ni wa kiume, uume uelekee chini kabla ya kufunga. Ukielekea juu, mkojo hutokea kiunoni. Na kabla ya kumfunga mgongoni, mbadilishe kwanza.

Nepi zangu zilikuwa nzuri. Sasa zina miezi mitatu, zinanuka mkojo mkali hata zikiwa kavu, na maji yanateleza juu yake. Nafua na sabuni ya unga na kumalizia na kilainishi ili zisimkwaruze mtoto. – Mama wa Njiro, Arusha

Kilainishi ndicho kinachoziharibu. Huacha utando kwenye nyuzi na utando huo unakataa maji. Mafuta mazito ya kumpaka mtoto makalioni hufanya hivyo hivyo. Ukiyatumia, tandika juu ya nepi kipande chembamba cha flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi) na ukifue peke yake. Fanya jaribio: dondoshea maji kwenye pedi kavu. Tone likikaa juu bila kuzama, utando upo. Fua pedi kwa maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, na kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 10, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa. Rudia ikibidi.

Harufu kali mara nyingi hutokana na mkojo au sabuni iliyobaki ndani. Watu wengi husuuza mara moja kwa kubania maji, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Anza na maji baridi bila sabuni, umwage. Fua kwa maji ya moto na sabuni. Suuza mara mbili au tatu, hadi maji yabaki meupe.

Binti yangu anakataa nisichemshe nepi za mjukuu wala nisitie Jiki. Sisi tulilea hivyo na watoto walikua. – Bibi wa Soweto, Moshi

Shikamoo, bibi. Nepi zenu za pamba tupu zilistahimili kuchemshwa, na pedi za pamba bado unaweza kuzichemsha. Ila nepi za siku hizi zina tabaka la plastiki lililogandishwa kwenye kitambaa cha nje, pamoja na lastiki. Maji yanayochemka hubandua tabaka hilo na kulegeza lastiki, na nepi haizuii tena mkojo. Jiki nayo hula vyote viwili.

Tena, bibi, tunakuomba sana: Jiki isimwagwe kamwe kwenye ndoo ya nepi zenye mkojo. Mkojo uliokaa hutoa amonia, ikikutana na Jiki inazalisha gesi inayochoma macho na kifua. Na ndoo yenye maji isiachwe mahali mtoto anapotambaa. Kung'uta kinyesi chooni, kisha weka nepi kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, mzifue ndani ya siku mbili.

Tunatarajia mtoto mwezi wa nne, masika yenyewe. Tununue ngapi? – Baba mtarajiwa, Pasua, Moshi

Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku. Ukifua kila baada ya siku mbili, 24 zinatosha wakati wa jua. Kwa masika andaa kama 36. Usinunue zote za mfuko. Kwa miezi ya mwanzo tunapendelea nepi bapa za pamba, mraba wa sentimita 60 hadi 70, pamoja na chupi tano au sita za kuzuia maji: mraba ukifunuliwa ni tabaka moja tu, unakauka hata ndani ya nyumba. Zifue mara tatu au nne kabla ya kuzitumia, maana pamba mpya hainyonyi vizuri. Ukunje mbele uwe chini ya kitovu mpaka kidondoke. Ukitumia pini, weka vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto, na uichomeke kwanza kwenye sabuni kavu ya kipande ili ipite kirahisi.

Anikeni kwenye kamba, si kwenye majani wala ua. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pigeni pasi ya moto pande zote mbili kwa za pamba. Za plastiki zisipigwe pasi, zikauke kabisa.

Za mitumba pale soko la Memorial zinafaa? – Msomaji, Majengo, Moshi

Zinafaa ukizikagua. Vuta lastiki ya mguu uiachie: irudi mara moja. Geuza nepi ndani nje, tazama plastiki kwenye mwanga. Ikiwa na nyufa au imebanduka, iache. Bonyeza kila kishikizo. Madoa yasikutishe, jua la mchana huyafifisha nguo ikianikwa mbichi.

Mtoto ana vipele vyekundu mapajani. Nirudi kwenye pampasi? – Mama wa Kijenge, Arusha

Kwanza mbadilishe kila baada ya saa mbili au tatu, msafishe kwa maji matupu, na umwache bila nepi mara kadhaa kwa siku. Wekundu wa kulowa hupungua ndani ya siku mbili au tatu. Usipopungua, au ukiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo vidogo pembeni, huenda ni fangasi: mpeleke zahanati apewe dawa yake, kwani kubadili aina ya nepi hakutaiondoa.