Kiuno kinachouma na mawazo yasiyofukuzika: nilianza kwa kuutuliza mwili

Kaka uliyeuliza juzi namna ya kuishi na maumivu ya kiuno ambayo vipimo havioni chanzo chake, huku mawazo usiyoyataka yakikurudia usiku kila unapoyafukuza, nakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe baada ya basi dogo nililopanda kupinduka njiani kutoka Morogoro. Sikuvunjika mfupa, na baada ya miezi mitatu daktari aliniambia kwamba misuli iliyoumia imekwisha kupona. Hata hivyo kiuno kiliendelea kuniuma mwaka mzima na zaidi, na kila nilipofumba macho nilisikia vioo vikipasuka.

Nilikosea kama ninavyoona nawe unakosea: nilipambana na mawazo yale. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila atakapowajia. Kengele zililia tu, na waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia mara nyingi zaidi kuliko alivyowajia wale ambao hawakuanza kwa kukatazwa.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Siku ile hakunigusa kiuno. Alitazama nilivyokaa kitini, kisha akaniuliza kwa nini mabega yangu yamepanda karibu na masikio. Sikuwa na habari. Nilipoanza kujichunguza nyumbani, nilijikuta juu ya mbuzi nikikuna nazi huku meno yameumana, tumbo limekazwa na pumzi inaishia kifuani, kana kwamba basi linapinduka upya. Alinieleza kwamba mwili unapohisi hatari humwaga adrenalini, yaani homoni ya kujihami, moyo ukaenda mbio na misuli ikajikaza. Misuli iliyokazwa mchana kutwa huuma, ubongo huyachukua maumivu hayo kuwa ushahidi kwamba hatari ingalipo, na mawazo ya hofu hupata pa kuingilia. Maumivu hayo ni ya kweli, si ya kujitungia, nami nakuomba usikubali mtu akuambie vinginevyo.

Katika mambo hayo yote, pumzi ndiyo iliyo rahisi kuishika kwa hiari. Unapoitoa taratibu, neva ya vagasi, ishukayo kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo. Niliketi ukingoni mwa kitanda, mkono tumboni, nikavuta pumzi kwa pua kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, dakika 10 asubuhi na 10 kabla ya kulala. Usivute kwa nguvu. Mimi nilifanya hivyo siku za mwanzo nikapata kizunguzungu. Hesabu hiyo huleta pumzi 6 kwa dakika, na nilifarijika kujua kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia walikuta kuwa watu wanaosali rozari kwa Kilatini hupumua karibu kwa mwendo huohuo, maana mama yangu hajawahi kulala bila rozari yake.

Vioo vilipolia, niliacha kuvizuia. Nilijisemea kimoyomoyo, "haya ni yale mawazo ya vioo", nikairudia hesabu. Wiki mbili sikuona tofauti yoyote, na nadhani hapo ndipo wengi huacha. Wiki ya tatu niliamka saa kumi na moja alfajiri nikagundua kwamba sikuzinduka hata mara moja usiku. Kiuno kilichelewa, kilianza kulegea mwezi wa pili, nilipoongeza kutembea dakika 20 kila jioni badala ya kujilaza.

Ikiwa miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu, unashindwa kuzuia haja, una homa, unakonda bila sababu, au mawazo yenyewe yanakuelekeza kujidhuru, nenda hospitali leo hii. Kama hayo hayapo, anza usiku huu, tena wakati maumivu yametulia kidogo, kwa sababu mwili haujifunzi jambo jipya katikati ya kishindo. Mimi bado kiuno hunibana basi linapokata kona kali. Huweka mkono tumboni palepale kitini, nikatoa pumzi, na mara nyingi tukifika kituo kinachofuata huwa kimeshaachia.