Mabaki si jibu: kwa anayeanza kutafuta ndege za njia ya Hump

Wageni wengi huingia kwenye kazi hii wakiwaza kupanda milima. Kupanda kuna siku yake. Kati ya 1942 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipoteza mamia ya ndege kwenye njia ya Hump, yaani njia ya anga ya kuvuka milima kutoka Assam, India, hadi Kunming, China, kwa hiyo kukuta mabaki Arunachal Pradesh, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, au kaskazini mwa Myanmar si muujiza. Kinachowashinda watu ni kusema hii ni ndege ipi.

Anza na ripoti ya ndege iliyopotea, inayojulikana kwenye kumbukumbu za jeshi la Marekani kama MACR. Ripoti hizi zilianza 1943. Ndege iliyopotea kabla ya hapo utaisaka kwenye shajara za kikosi na majalada ya marehemu. Usinakili majina na tarehe tu. Nakili namba za injini zote, na za bunduki kama zilikuwepo, maana ndizo utakazolinganisha ukiwa umepiga magoti kwenye tope. Hakikisha pia kwamba mabaki hayo hayakufikiwa wakati ule ule wa vita. Baadhi yalifikiwa, miili ikaondolewa, jalada likafungwa, na hadi leo kuna wanaoyatafuta.

Halafu angalia saa. Ripoti moja huandika saa za Greenwich, nyingine saa za kituo. Kuanzia Septemba 1942 hadi Oktoba 1945 India ilikuwa saa 6 na nusu mbele ya Greenwich, si 5 na nusu kama leo. Ukibadilisha kwa hesabu ya leo unakosea kwa saa nzima, na ndani ya saa moja ndege ya mizigo ya C-46 ilikwenda kama kilomita 280.

Upepo nao una hesabu yake. Tuseme rubani anarudi Assam kwa mwendo wa kilomita 280 kwa saa hewani. Alitegemea upepo wa mbele wa kilomita 60, akakutana na wa 120. Baada ya saa moja anaamini amekwenda kilomita 220, kumbe ni 160. Anaanza kushuka akidhani bonde la mto Brahmaputra, huko Assam, liko chini yake, na bado ana kilomita 60 za milima. Ndiyo sababu ndege iliyopotea ikirudi hutafutwa mashariki ya pale rubani alipodhani yupo, kwenye ubavu wa mlima unaotazama alikotoka, chini kidogo ya kilele.

Ramani ikishachorwa, nenda kwa wawindaji. Picha za setilaiti zisikupotezee muda mwingi: msitu ule umefunika kila kitu. Ila uulizaji una adabu yake. Usimwonyeshe mzee wa Kimishmi au Kilisu, makabila ya milima hiyo, picha ya ndege ya mabomu ya B-24 ukauliza kama ndiyo aliyoiona. Atakubali, kwa heshima tu. Muulize injini zilikuwa ngapi, gurudumu lilimfika wapi akisimama kando yake, mara ya mwisho kufika huko ilikuwa lini. Picha zije mwishoni, tena za ndege kadhaa. Kipande cha bati chenye mistari ya matundu ya ribiti jikoni kwa mtu ni ushahidi kwamba kilibebwa. Kilibebwa kutoka wapi ni swali jingine. Na vijiji viwili vinaweza kuwa vinasimulia mabaki yale yale.

Ukikuta kipande kwenye kijito, panda nacho kijito. Kila vijito vinapokutana, kagua mikono yote miwili kabla ya kuchagua. Masika ya kila mwaka, yaani mvua za monsuni, na maporomoko ya ardhi huteremsha vitu vizito hadi sakafu ya korongo na kuvifukia, ilhali mabati mepesi hubaki yamenasa juu kwenye mizizi. Kwa hiyo mahali penye injini mara nyingi sipo ndege ilipogonga.

Injini, hata hivyo, ndiyo rafiki yako. Hesabu silinda. Safu mbili za saba, jumla 14, ni injini ya R-1830: hiyo ni ndege ya mizigo ya C-47, au B-24 na ndugu zake wa mizigo na mafuta, C-87 na C-109. Safu mbili za tisa, jumla 18, ni R-2800, na kwenye njia hii huenda ni C-46. Wageni hukosea kwenye zile 14: hawaoni bunduki, wanaandika C-47. C-87 nayo haikuwa na bunduki za ulinzi kama B-24. Tafuta gurudumu la pua na turbo za injini, yaani vifaa vya kuishindilia injini hewa. C-47 haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kibao cha injini kisiguswe na brashi ya waya, kwani herufi zimebaki kina cha ukucha. Mwagia maji, sugua kwa brashi laini, kisha mulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kizitoe herufi. Namba ya kipuri hurudiwa kwenye ndege maelfu na haitambulishi kitu. Unayoitaka ni namba ya injini yenyewe. Namba ya ndege yenyewe huanza na mwaka, na kwenye mkia tarakimu ya kwanza ya mwaka huo huachwa: 42-73308 hupakwa 273308.

Vibali havina njia ya mkato. Raia wa India anahitaji Inner Line Permit kuingia Arunachal, mgeni wa nje Protected Area Permit. Simu ya setilaiti bila idhini ya serikali ni kosa nchini India, hata kama umeibeba kwa ajili ya dharura. Panga safari baada ya masika, Oktoba kuendelea.

Risasi na mitungi ya oksijeni viache vilipo. Ukiona mfupa, kazi ya mikono imekwisha: piga picha yenye kipimo, acha GPS itulie dakika kadhaa kabla ya kuandika kiratibu, kisha taarifa iende kwa polisi wa wilaya, na kwa wanajeshi wa Marekani iende DPAA, shirika la Marekani linalotafuta wanajeshi wake waliopotea. Usiokote hata jino. Wataalamu wa utambuzi watataka kujua lililala upande wa kiti cha rubani au wa mtu wa redio, na jino lililotoka mfukoni haliwezi kuwajibu.